Kidonge cha bure na kidonge cha kununua

Chukua mfano wa mama wa miaka hamsini na kitu anayeishi na VVU na ambaye, kama wengi wa rika lake, amegundulika pia kuwa na presha. Siku ya kliniki anatoka hospitali ya wilaya na dawa za kufubaza virusi za miezi mitatu, pengine sita, na hakudaiwa hata senti. Kwa upande wa presha anatoka na karatasi tu. Dirishani ameambiwa dawa zimekwisha, akanunue nje.

Dawa hizo mbili hazilingani hata kidogo. Ile ya bure ndiyo mpya na ngumu kuitengeneza. Kiungo chake kikuu, dolutegraviri, kiliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2013, na viwanda vinavyoitengenezea Afrika hufanya hivyo kwa leseni maalumu. Ile ya kununua ni kongwe. Haidroklorothiazidi, kidonge cha presha kinachomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, kipo sokoni tangu 1959. Amlodipini, nayo ya presha, ilimaliza ulinzi wa hataza nchini Marekani mwaka 2007. Metformini ya kisukari ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1957. Hakuna anayezimiliki dawa hizi leo, na kiwanda chochote kinachotimiza viwango kinaweza kuzitengeneza. Kinachomkwamisha mama yule ni dawa ambazo dunia inajua kuzitengeneza kwa bei ndogo sana.

Kwa nini basi ya ghali itolewe bure na ya rahisi inunuliwe? Jibu lina historia, na historia yenyewe haijatimiza hata miaka thelathini.

Mwaka 2000 tiba ya VVU kwa mgonjwa mmoja iligharimu kati ya dola 10,000 na 15,000 za Marekani kwa mwaka. Wakati huo huko Kagera, Kisumu na Rakai watu walikuwa wakizikwa kila wiki. Kampuni 39 za dawa zilikuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini chini ya Nelson Mandela kwa kutunga sheria, mwaka 1997, iliyofungua mlango wa kuagiza dawa za bei nafuu. Februari 2001 Yusuf Hamied, mkuu wa kampuni ya Cipla ya India, alijitokeza na bei ambayo wengi hawakuamini walipoisikia: dola 350 kwa mwaka, yaani chini ya dola moja kwa siku. Aprili 19 mwaka huohuo, zikibanwa na maandamano na aibu ya dunia nzima, kampuni zile 39 ziliifuta kesi yao Pretoria. Bunge la Kenya likapitisha Sheria ya Mali ya Viwandani iliyoruhusu kuingiza dawa jeneriki, yaani zile zenye kiambato kilekile zinazotengenezwa na viwanda vingine. Novemba, mawaziri wa biashara walikutana Doha na kukiri kwa maandishi kwamba haki za hataza hazipaswi kuizuia nchi kulinda afya ya watu wake. Mfuko wa Dunia ulianza 2002, mpango wa Marekani wa PEPFAR ukatangazwa 2003, na mwaka 2004 Tanzania ikaanza kutoa dawa hizo bure.

Agosti 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kwamba dozi ya mwaka mzima ya kidonge kimoja chenye dawa tatu, kile wanachokimeza wagonjwa wengi wa VVU Afrika Mashariki, imeshuka chini ya dola 45. Kutoka dola 10,000 hadi 45, ndani ya maisha ya kijana mmoja. Bei hiyo haikushushwa na huruma ya kampuni. Ilishuka kwa sababu viwanda vingi viliruhusiwa kushindana, sheria zikarekebishwa, manunuzi yakafanywa kwa pamoja na kwa wingi, kisha akapatikana wa kulipa badala ya mgonjwa. Kwa dawa za presha na kisukari, ushindani na sheria vipo tangu zamani. Vilivyokosekana ni hivyo viwili vya mwisho.

Na wagonjwa si wachache. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 uliwapima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 na kukuta robo yao wana presha ya juu. Kenya ilifanya utafiti wa aina hiyo mwaka 2015 ikapata karibu kiwango kilekile, na sehemu kubwa kabisa ya waliokutwa na presha hawakuwa wakitumia dawa yoyote. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba duniani kote watu wanne kati ya watano wenye presha hawapati tiba ya kutosha.

Ukitaka kuona maana ya takwimu hizo, simama kwa nusu saa kwenye duka la dawa muhimu. Maduka haya, yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchi nzima, ndiyo famasi ya watu wa kipato cha chini Tanzania. Wateja wengi hawataji idadi ya vidonge. Wanataja fedha. “Nipatie za presha za elfu mbili.” Muuzaji anahesabu, anachukua mkasi, anakata karatasi ya vidonge, anatia vipande kwenye kibahasha na kuandika moja mara moja. Kwa kawaida tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo huchapwa upande mmoja tu wa karatasi ile. Anayeuziwa kipande cha upande wa pili anaondoka bila kujua anachokimeza kitaharibika lini.

Tabia ya kununua kwa kipimo cha fedha ina mzizi wake. Kwa miaka mingi ugonjwa uliowapeleka watu dukani ni malaria, na dozi ya malaria ni siku tatu. Ukiwa na fedha ya siku tatu umepona. Presha haina siku tatu. Ni kidonge cha kila siku hadi mwisho wa maisha, kwa ugonjwa ambao mara nyingi hauumi. Kodi ya chumba inauma, ada ya shule inauma, na mkaa ukiisha nyumba nzima inajua. Kwa hiyo mwezi ukibana, kinachoachwa kwanza ni kile kidonge ambacho kukikosa leo hakuonekani kesho asubuhi. Wengine humeza siku moja na kuruka siku moja ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Mke na mume wote wenye presha hugawana pakiti moja.

Kuna madhara yasiyosemwa sana katika kuruka dozi. Mgonjwa anarudi kliniki, daktari anampima, presha bado iko juu. Mgonjwa anaona aibu kusema kwamba dawa ziliisha wiki mbili zilizopita na hakuwa na fedha ya kununua nyingine. Daktari, kwa nia njema, anahitimisha kuwa dawa moja haitoshi, anaongeza ya pili. Aliyeshindwa kununua dawa moja sasa ana cheti cha mbili. Swali moja la upole, “Mama, dawa ulizipata zote mwezi huu?”, lingeokoa gharama hiyo, na ni jambo la kusikitisha kwamba katika foleni ya wagonjwa sitini swali hilo halipati nafasi.

Bei yenyewe ya dukani inategemea sana jina lililoandikwa kwenye cheti. Amlodipini ilianzishwa na kampuni ya Pfizer kwa jina la Norvasc. Leo inatengenezwa na viwanda vingi vya India, Kenya na kwingineko kwa majina mengine au kwa jina lake la kitaalamu tu. Kiambato ni kilekile na kiasi ni kilekile, lakini ya jina maarufu huuzwa kwa bei iliyozidi mara kadhaa. Daktari akiandika jina la biashara, na muuzaji akanyamaza, mgonjwa hulipia jina. Afrika Kusini tangu mwaka 2004 dawa huuzwa na mtengenezaji kwa bei moja inayojulikana, na kuna kikomo cha kile ambacho famasi inaweza kuongeza juu yake. Tanzania na Kenya zimeliacha jambo hilo kwa soko. Ndiyo maana barabara moja inaweza kuwa na famasi tatu zenye bei tatu kwa dawa ileile.

Hofu ya dawa za bei ndogo ipo, na ina msingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi ya dawa na vifaa tiba ni bandia au duni. Lakini dawa bandia hutengenezwa pia kwa majina makubwa, kwa kuwa ndiko kwenye faida. Kinachomlinda mnunuzi ni usajili wa dawa na leseni ya duka. Mamlaka ya dawa, TMDA, kwa Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, husajili dawa jeneriki kwa kuangalia ubora wake, na dawa iliyosajiliwa ikinunuliwa katika duka lenye leseni haipaswi kuogopwa kwa sababu tu ni rahisi.

Watafiti wa bei za dawa wana kipimo chao. Wanachukua gharama ya tiba ya mwezi mmoja na kuuliza inahitaji siku ngapi za mshahara wa mtumishi wa serikali anayelipwa kidogo kuliko wote. Ikizidi siku moja, tiba hiyo huhesabiwa kuwa haimudiki. Ni kipimo kizuri, ila kinamwacha nje mama ntilie, mbeba mizigo wa Kariakoo na mkulima wa mahindi wa Songea anayeona fedha mara moja kwa mwaka. Hao wangefurahi kuwa na mshahara wa huyo mtumishi wa chini.

Yamefanyika majaribio ya kushusha bei, na moja lilipimwa kwa makini hapahapa jirani. Oktoba 2015 kampuni ya Novartis ilianzisha Kenya mpango wa kuziuzia serikali na mashirika dawa 15 za magonjwa sugu kwa dola moja kwa kila tiba kwa mwezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walifuatilia kaunti nane. Baada ya miezi 15 amlodipini na metformini zilipatikana zaidi katika vituo vya afya vilivyoshiriki. Lakini walipoingia majumbani kwa wagonjwa hawakukuta mabadiliko ya maana katika upatikanaji wa dawa. Bei ilishuka ghalani na unafuu ukaishia njiani, kati ya ghala na kabati la mgonjwa. Somo hilo ni zito, kwa kuwa linaonyesha kwamba kupunguza bei ya kiwanda peke yake hakumfikii mtu wa mwisho kama hakuna mtu aliyeajiriwa kuhakikisha dawa imefika na haijauzwa kwa bei nyingine.

Insulini ina hadithi chungu zaidi. Wavumbuzi wake wa Toronto waliuza hataza yao mwaka 1923 kwa chuo kikuu chao kwa dola moja kila mmoja, wakitaka dawa hiyo iwe ya watu wote. Karne moja baadaye kampuni tatu, Novo Nordisk, Eli Lilly na Sanofi, zinashikilia zaidi ya asilimia 90 ya soko la dunia. Hata Marekani watu walifikia kupunguza dozi kwa kukosa fedha, hadi sheria ikaweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa wazee walio kwenye bima ya Medicare, kuanzia Januari 2023. Kenya ilianza mapema zaidi: mwaka 2012 Novo Nordisk ilikubaliana na washirika wake kwamba chupa moja ya insulini katika vituo vilivyomo kwenye mpango isiuzwe zaidi ya shilingi 500. Kwa watoto kuna mpango wa msaada uliofika Tanzania, Kenya na Uganda unaowapa insulini bure. Misaada hiyo imeokoa maisha, na hilo lisemwe wazi. Lakini ina ukomo wa umri na ina mipaka ya vituo, na anayetoka nje ya mipaka hiyo anakutana na bei ya kawaida, pamoja na sindano na vijikaratasi vya kupimia sukari ambavyo havimo katika bei ya chupa.

Kisha kuna joto. Insulini inatakiwa kukaa kwenye ubaridi, na nyumba nyingi hazina jokofu. Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, wagonjwa walilazimika kwenda hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka kwa kila sindano. Shirika hilo na Chuo Kikuu cha Geneva wakapima joto la kweli la kambi, wakaiga mabadiliko yake maabara, na kuchapisha mwaka 2021 kwamba insulini inabaki na nguvu yake kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Mgonjwa anaweza kuihifadhi nyumbani, kwa mfano ndani ya chungu cha udongo kinachopozwa na maji. Safari za kila siku zikaisha. Utafiti wa namna hii haukuhitaji dawa mpya wala fedha nyingi, na umemwondolea maskini gharama ambayo haimo kwenye risiti yoyote: nauli na siku ya kazi iliyopotea.

Gharama ileile ya nauli inamwandama mwenye presha. Mgonjwa wa VVU aliyetulia hupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mwenye presha, hata akiwa ametulia kwa miaka mitano, mara nyingi anatakiwa kurudi kila mwezi. Kama nauli ya kwenda na kurudi inazidi bei ya vidonge, na kwa wakazi wa vijijini hilo ni jambo la kawaida, utaratibu wenyewe ndio unaomfanya aache dawa. Kubadili hilo hakuhitaji sheria mpya. Kunahitaji waraka na ghala lenye akiba.

Ghala lenye akiba linatuleta kwenye fedha za serikali. Aprili 2001, siku chache tu baada ya kesi ya Pretoria kufutwa, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Zilizotimiza ahadi hiyo ni chache sana. Dawa za VVU zililipiwa na wafadhili, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, kliniki nyingi za Afrika zilijikuta hazijui za kesho zitatoka wapi. Za presha hazikuwahi kupata mfadhili wa namna hiyo, zikaachiwa mfuko wa mgonjwa.

Bima ndiyo njia inayotajwa sasa. Rwanda ilianza zamani: kwa miaka mingi wananchi wengi wamechangia faranga 3,000 kwa mwaka katika bima ya jamii iitwayo mutuelle de santé na kulipa faranga 200 wanapofika kituo cha afya. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya iliuvunja mfuko wake wa bima ya afya, NHIF, na kuanza mfumo wa SHA Oktoba 1, 2024, ukiwa na mfuko wa huduma za msingi na mwingine wa magonjwa sugu na mahututi. Sheria hizi ni hatua kubwa. Hata hivyo kadi ya bima haigeuki kidonge pale dirisha linapokuwa tupu. Wazee wasiojiweza wa Tanzania wanalijua hili kuliko mtu yeyote, kwa kuwa sera inawapa matibabu bure wakifikisha miaka 60, na wengi wao wamerudishwa nyumbani na cheti cha kwenda kununua.

Anayeona kwamba nchi haina uwezo wa kuwapa watu vidonge vya presha na atazame upande wa pili wa hesabu. Presha na kisukari ni visababishi vikuu vya figo kushindwa kufanya kazi. Kabla ya kuvunjwa, NHIF ya Kenya ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kwa kila kipindi kimoja cha kusafisha damu, na mgonjwa anahitaji vipindi viwili au vitatu kila wiki, bila kukoma. Fedha ya kipindi kimoja tu ingenunua amlodipini jeneriki ya mtu mmoja kwa muda mrefu sana. Tunalipa mwishoni kile tulichokataa kulipa mwanzoni, na kwa wale waliopatwa na kiharusi hatuna hata cha kulipia.

Wakati hayo yakisubiriwa, yapo machache ambayo msomaji mwenye kipato kidogo anaweza kuyafanya wiki hii. Mwombe daktari aandike jina la kitaalamu la dawa badala ya jina la biashara. Dukani uliza, bila kuona haya, kama ipo jeneriki iliyosajiliwa, na uliza bei katika famasi zaidi ya moja. Kama fedha inatosha vidonge vichache tu, dai uonyeshwe tarehe iliyoko kwenye karatasi kabla mkasi haujakata. Kama umekuwa ukiruka dozi, mwambie daktari kabla hajaongeza dawa nyingine, kwa kuwa pengine ipo ya bei ndogo zaidi inayokufaa. Usiipunguze insulini wala kuiacha kwa sababu yoyote ya fedha bila kurudi kliniki. Mzee asiyejiweza aende kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kudai msamaha wake, maana ni haki yake.

Kwa wabunge wetu ombi ni moja. Bajeti ya afya itakapoletwa, msiulize tu imeongezeka kwa asilimia ngapi. Ulizeni kila hospitali ya wilaya ilikosa amlodipini, haidroklorothiazidi, metformini na insulini kwa siku ngapi mwaka uliopita, na mtake majibu yasomwe bungeni, wilaya kwa wilaya.